Usiende Mikono Mitupu: Swali Ndilo Ufunguo wa Chuo

Karibu kila chuo kina ofisi za kumsaidia mwanafunzi, na karibu kila muhula ofisi hizo huona jambo lilelile. Wiki za mwanzo milango iko wazi na viti ni vitupu. Wiki ya kabla ya mtihani foleni inashuka hadi kwenye ngazi. Wanaokuja mwishoni si wavivu. Wengi wao wamesoma, tena wamekesha. Wanachokosa ni kujua wamekwama wapi hasa. Mhadhiri anauliza, "Shida iko wapi?" na jibu linakuwa, "Kote, mwalimu." Hakuna anayeweza kufundisha "kote" kwa dakika 15.

Kwa hiyo makala haya yanahusu mambo mawili yanayotegemeana: namna ya kusoma itakayokuonyesha mapema mahali ulipokwama, na namna ya kupeleka mkwamo huo kwa mtu ambaye chuo kinamlipa akusaidie. Wanafunzi wengi huambiwa lile la pili bila la kwanza, ndiyo maana wanarudi kutoka ofisini kama walivyokwenda.

Kalamu kwenye muhtasari wa kozi

Karatasi ya kwanza kusomwa kwa makini ni muhtasari wa kozi unaotolewa wiki ya kwanza. Wengi huupiga picha kwa simu wakausahau humo. Kaa nao nusu saa, utafute mambo manne: mgawanyo wa alama, tarehe za kukusanya kazi, adhabu ya kuchelewa, na kiwango cha chini cha alama za muhula kinachotakiwa ili uruhusiwe kuingia kwenye mtihani, kama kozi yako inacho. Hilo la nne huwashtua watu mwishoni, wakati hakuna tena jaribio la kufidia.

Kisha piga hesabu. Chukua kozi ambayo kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho 60, nawe unalenga 70. Ukiingia mtihani na 28 mkononi, unahitaji 42 kati ya 60, yaani asilimia 70 ya mtihani. Ukiingia na 16, unahitaji 54 kati ya 60, yaani asilimia 90. Maswali ni yaleyale kwa wote wawili, lakini wa pili alianza kujipandishia mlima siku alipopuuza jaribio la alama 10 kwa kuliona dogo.

Hesabu ya saa nayo ina mshangao wake. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, ECTS, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti hukadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Kozi ya krediti 6 basi ni saa 150 hadi 180. Zigawe kwa muhula wa wiki 15, unapata saa 10 hadi 12 kila wiki kwa kozi hiyo moja. Vipindi vikiwa saa 4, zile 6 hadi 8 zilizobaki ni zako. Marekani hukadiria kwa njia nyingine, saa moja ya darasani kwa saa 2 nje ya darasa, lakini majibu yanaelekea palepale: sehemu kubwa ya kozi hufanyika wakati hakuna mhadhiri mbele yako. Anayehesabu kuhudhuria vipindi kuwa ndiko kusoma amefanya theluthi moja ya kazi, au zaidi kidogo tu.

Saa hizo zikiachwa zielee, huliwa na mambo mengine. Ziandike kwenye ratiba kama vipindi vyenye jina la kazi. Ukiandika "Jumanne saa 10 hadi 11 jioni, maswali ya sura ya 3", utajua cha kufanya ukikaa mezani. Ukiandika "kusoma takwimu", nusu ya muda itaishia kwenye kuamua uanzie wapi.

Funga daftari, ndipo usome

Njia inayopendwa kuliko zote ni kurudia kusoma madesa, yaani nakala za notsi, huku ukipaka rangi mistari muhimu. Inapendeza kwa sababu kila ukirudia ukurasa, unauona umezoeleka, na akili inaichukua ile hali ya kuzoea kana kwamba ni kujua. Ukweli hujulikana mtihanini, pale ambapo ukurasa haupo.

Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilipewa vipindi vinne vya kusoma kifungu kilekile. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma na vitatu vya kuandika walichokikumbuka bila kukitazama kifungu. Walipopimwa dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojipima walibaki na 61. Zitazame tena namba za dakika 5. Ndizo zinazomdanganya mwanafunzi anayekesha, kwa sababu usiku ule anajiona anajua kila kitu, na kwa muda mfupi kweli anajua.

Kujipima hakuhitaji kifaa chochote. Jioni ya siku ya kipindi, funga daftari, chukua karatasi tupu, uandike kwa dakika 10 kila unachokumbuka: fasili, hatua za ukokotoaji, mchoro, mfano alioutoa mhadhiri. Ukifika ukingoni, usifungue mara moja. Ngoja dakika moja au mbili ukiwa umekwama, maana kule kuhangaika kutafuta ndiko kunakoimarisha kumbukumbu. Kisha fungua, ulinganishe, na kwa kalamu ya rangi nyingine ongeza yaliyokosekana. Wino huo wa pili ndio ramani yako. Unakuonyesha usichokijua kwa jina na mahali.

Rudia baada ya siku moja, halafu siku tatu, halafu wiki, halafu wiki tatu. Siku si amri. Muhimu ni nafasi kati ya marudio ikue. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba usahaulifu huenda kasi sana mwanzoni kisha hupungua. Kwa hiyo marudio ya kwanza yawe karibu, na yanayofuata yanaweza kuachana.

Kwa wanaochukua hisabati, fizikia, uhasibu na masomo ya namna hiyo kuna mtego mwingine. Vitabu hupanga mazoezi kwa aina: maswali 20 ya kanuni moja, kisha 20 ya kanuni nyingine. Ukiyafuata hivyo hujifunzi kuchagua kanuni, kwa kuwa kichwa cha sura kimeshakuchagulia. Watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor, katika utafiti wa mwaka 2007, waliwapa wanafunzi maswali ya ujazo wa maumbo. Wakati wa mazoezi, waliofanya aina moja moja walipata asilimia 89 na waliochanganyiwa 60. Katika jaribio la wiki iliyofuata, wa kwanza walishuka hadi 20, waliochanganyiwa wakapata 63. Basi chukua maswali mawili ya kila sura, yaandike kwenye vipande vya karatasi, uyachanganye kama karata. Utakosea zaidi siku hiyo, na ni vema ukosee nyumbani.

Kuhusu daftari lenyewe, mpangilio ambao Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell aliufanya ujulikane tangu miaka ya 1950 bado unafaa sana. Piga mstari wa wima upate safu nyembamba ya kushoto, kama sentimita 6, na pana ya kulia, kama 15. Acha sentimita 5 chini. Kulia unaandika wakati wa kipindi. Kushoto unaandika maswali, baada ya kipindi. Chini, muhtasari wa sentensi mbili au tatu kwa maneno yako. Wanaoanza hukosea kwa kujaza safu ya kushoto vichwa vya habari kama "Aina za mikataba". Andika swali: "Mkataba batili unatofautianaje na unaobatilika?" Ukifunika upande wa kulia kwa karatasi, tayari una mtihani wako.

Mlangoni kwa mhadhiri

Sasa una mkwamo wenye jina. Mhadhiri hutenga saa za kuonana na wanafunzi, na kwa kawaida zimeandikwa kwenye muhtasari wa kozi au kubandikwa mlangoni. Wengi huogopa kwenda kwa kudhani wataonekana wajinga. Mhadhiri akiona mwanafunzi amekuja na karatasi yenye jasho lake, ujinga haumjii akilini hata kidogo.

Tuseme swali ni hili: mfuko una mipira 5 myekundu na 3 myeupe, unachota 2 bila kurudisha, kuna uwezekano gani wa kupata angalau mmoja mwekundu? Mwanafunzi amejumlisha 5/8 na 5/8 akapata 10/8. Anajua amekosea, maana uwezekano hauzidi 1, lakini haoni kosa liko wapi. Akienda na maneno "sielewi uwezekano", atafundishwa upya sura nzima kwa haraka na kuondoka na ukungu uleule. Akienda na karatasi na kusema, "Nimejumlisha, nikazidi 1, kwa nini kujumlisha hakufai hapa?" jibu litachukua dakika 3. Mhadhiri ataonyesha kwamba hali ya mipira yote miwili kuwa myekundu imehesabiwa mara mbili: mara ya kwanza kwenye mpira wa kwanza, mara ya pili kwenye wa pili. Uwezekano wa hali hiyo ni 5/8 mara 4/7, yaani 20/56. Iondoe mara moja kwenye 70/56, unabaki na 50/56. Pengine ataongeza njia fupi: toa kwenye 1 uwezekano wa kupata myeupe miwili, ambao ni 6/56. Majibu yanalingana, na mwanafunzi anaondoka na kanuni itakayomfaa kwenye maswali mengine mengi.

Beba basi vitu vitatu: swali lenyewe, jaribio lako hadi pale ulipokwama, na sentensi moja inayosema kwa nini unadhani umekwama. Ukituma baruapepe, fuata njia hiyohiyo. Kichwa kiwe na jina la kozi na mada. Ndani andika kwa adabu na kwa ufupi: "Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, kozi ya Takwimu. Katika swali la 4 la zoezi la 3 nimefika hatua ya pili (picha nimeiambatisha), ila sielewi kwa nini tunatoa 20/56. Naomba kuja Alhamisi saa zako za kuonana na wanafunzi." Barua hiyo inajibika hata kwa mtu aliye safarini. "Naomba msaada wa takwimu" haijibiki.

Mhadhiri akiwa na msongamano, nenda kwa mkufunzi msaidizi wa semina. Mara nyingi yeye ndiye anayesahihisha majaribio, na makosa ya kozi anayajua kwa idadi. Kundi la kujisomea nalo linafaa likiwa na watu 3 hadi 5, na kila mmoja akija ameshajaribu maswali peke yake. Kundi linalokutana ili mmoja afundishe na wengine wanakili humnufaisha yule mmoja tu.

Mkutubi anajua njia za mkato

Maktaba wengi huitumia kama chumba chenye meza na umeme. Ni hasara kubwa, kwa sababu dawati la mkutubi ndilo msaada unaokoa muda mwingi kuliko wowote chuoni.

Hata rafu zina lugha yake. Katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za mada, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, elimu iko 370, tiba 610, uwezekano 519.2. Namba baada ya nukta husomwa kama desimali, kwa hiyo 519.12 hutangulia 519.2. Mwanafunzi huitafuta 519.12 baada ya 519.2 akidhani 12 ni kubwa kuliko 2, haioni, anaondoka akiamini kitabu kimeibwa.

Kwenye hifadhidata, yaani mkusanyo wa makala za kitaaluma mtandaoni, usiandike sentensi nzima. Vunja mada vipande. Kama ni matumizi ya simu na ufaulu wa wanafunzi wa chuo, una vipande vitatu: simu, ufaulu, wanafunzi wa chuo. Kwa kila kipande andika visawe viwili au vitatu, vikiwemo vya Kiingereza, kwa kuwa hifadhidata nyingi zimejaa lugha hiyo. Unganisha visawe kwa neno OR (au) ndani ya mabano, na vipande kwa neno AND (na). Kifungu cha maneno yasiyotengana kitie ndani ya alama za mtajo. Ukipata matokeo 40,000, ongeza kipande. Ukipata 3, punguza kimoja. Ukishapata makala moja nzuri, pita pande zote mbili: nyuma kwenye marejeleo yake, na mbele kwa kiungo cha Google Scholar, tovuti ya kutafuta makala za kitaaluma, kinachoonyesha walioinukuu. Makala manne au matano mazuri hupatikana hivyo kwa saa moja.

Ukigonga ukuta wa malipo, yaani tovuti inayodai ulipe ndipo usome makala, usitoe hela yako. Ingia kupitia tovuti ya maktaba kwa akaunti ya chuo, maana huenda chuo kimeshalipia. Kama hakijalipia, muulize mkutubi kuhusu azima kati ya maktaba na maktaba. Na tangu makala ya kwanza, hifadhi marejeleo kwenye programu kama Zotero, ambayo ni ya bure na ipo tangu 2006. Anayeacha marejeleo hadi usiku wa mwisho hutumia saa nyingi kutafuta namba za kurasa za vitabu alivyokwisha kuvirudisha.

Angalizo moja kuhusu programu za akili bandia, na nalisema kwa uzito: hutunga marejeleo. Jina la mwandishi linaweza kuwa la kweli, jarida la kweli, na makala yasiwepo kabisa. Kila rejeleo ulitafute kwenye katalogi, uone ukurasa kwa macho yako. Tena usome kanuni ya kozi husika, kwani mhadhiri mmoja huruhusu programu hizo na mwingine huzihesabu kuwa udanganyifu.

Insha, tasnifu na kalenda isiyo ya kweli

Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu wakadirie siku zilizobaki. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 33.9. Wastani wa uhalisia ulikuwa 55.5. Zidisha makadirio yako kwa 1.6 na utakuwa karibu na ukweli. Kazi unayodhani ni ya siku 10, itengee 16.

Kituo cha uandishi, kama chuo chako kinacho, usikipelekee kazi siku moja kabla ya kukusanya. Siku hiyo wanaweza kugusa tahajia tu, na tahajia si kazi yao kuu. Nenda ukiwa na hoja kuu na mpangilio wa aya kwenye ukurasa mmoja, wiki mbili kabla. Muundo ukiwa mbovu, wakati huo unabadilika kwa dakika 20.

Ofisi ambazo watu hufika wakiwa wamechelewa

Ushauri nasaha si wa waliofikia ukingoni tu. Kukosa usingizi wiki mbili mfululizo, kuacha kuhudhuria vipindi, kuogopa kufungua baruapepe za chuo: hayo yanatosha kubisha hodi. Na usingizi wenyewe ni sehemu ya kusoma, kwa sababu ubongo huimarisha yaliyosomwa mtu akiwa amelala. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kahawa ya saa 10 jioni bado ina nusu ya nguvu saa 3 usiku.

Mwenye ulemavu, ugonjwa wa kudumu au ugumu wa kusoma ajisajili ofisi husika mwanzoni mwa muhula. Muda wa nyongeza, chumba tulivu au karatasi ya maandishi makubwa huhitaji vyeti na maandalizi. Havipatikani asubuhi ya mtihani.

Ukiugua au kufiwa, andika kabla ya mtihani. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha mtihani au muhula mzima, na fomu yake huambatishwa cheti cha daktari au ushahidi mwingine. Anayeomba kabla huhesabiwa ameahirisha. Asiyetokea na kueleza baadaye anaweza kuhesabiwa amefeli, akaanza kupambana na hatari ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kwa jambo ambalo fomu moja ingelizuia. Ada nayo ni hivyohivyo: ofisi ya fedha hukubali mpango wa malipo kwa urahisi zaidi kabla ya tarehe ya mwisho kuliko baada ya jina lako kufungiwa.

Chumba cha mtihani, na baada yake

Mtihani wa saa 3 una dakika 180. Ondoa 10 za kusoma maswali na 10 za kupitia majibu, zinabaki 160. Maswali manne ya alama 25 ni dakika 40 kila moja. Dakika ya 40 ikifika, acha nafasi, uhamie linalofuata hata kama jibu halijakamilika. Alama za mwanzo za swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko mbili za mwisho za lile unalolipamba. Wanaofeli kwa kukosa muda huwa wamejibu maswali mawili vizuri mno na la nne hawakuligusa.

Matokeo yakitoka, omba kuona karatasi yako pale kanuni inaporuhusu, hata kama umefaulu. Jumlisha alama mwenyewe ukurasa kwa ukurasa. Makosa ya kujumlisha hutokea, na huwa rahisi kurekebishwa. Kisha tenganisha ulipopoteza alama kwa kutojua, kwa kutosoma swali na kwa kuishiwa muda, kwa sababu kila kundi lina tiba yake. Ukiona haja ya kukata rufaa, soma kanuni siku hiyohiyo, kwani muda huanza kuhesabiwa tangu matokeo yatangazwe na mara nyingi ni mfupi. Eleza swali namba gani, ukurasa gani, na kwa nini. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri na kuandikwa tarehe, ubaki nayo.